Kabla ya kifafa cha mimba, mwili hutoa taarifa

*Kichwa kisichotulia, macho yenye ukungu, uso uliovimba asubuhi: dalili hizi zinaweza kutangulia degedege kwa saa au siku kadhaa. Mama akizisema, nani anazipokea, na ana nini mkononi?*

Binti wa miaka 19 yuko katika mwezi wa nane wa ujauzito wake wa kwanza. Jumatatu anaamka kichwa kinamgonga. Mama mkwe anamwambia ni jua la jana shambani, apumzike. Jumanne viatu havimwingii na pete imembana kidoleni. Jirani anamtania kwamba huenda kabeba pacha.

Jumatano mchana anamtuma mtoto dukani akamnunulie Panado. Jioni anasema anaona vinyota vikimetameta mbele ya macho. Usiku wa kuamkia Alhamisi, siku yake ya kliniki, anakakamaa kitandani, macho yanageuka, meno yanauma ulimi, na mwili mzima unarushwarushwa.

Binti huyu ni mfano tu. Lakini hakuna hatua katika kisa chake iliyo ngeni kwa mkunga aliyefanya kazi wodi ya wazazi, awe Mtwara, Kigoma, Kilifi au Bujumbura. Ndugu wanaomfikisha mgonjwa wa namna hii hospitalini mara nyingi husema ameanguka ghafla. Ukiwauliza taratibu, habari hutoka moja moja: kichwa kilikuwa kinauma tangu juzi, macho yalikuwa yanasumbua, chakula alikuwa anatapika.

Ugonjwa wenyewe ni kifafa cha mimba. Hatua inayoutangulia ni presha ya kupanda inayoanza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito na kuanza kudhuru viungo vya mama. Madaktari huiita priklampsia, na hiyo ndiyo hatua ambayo ugonjwa unaweza kukamatwa.

Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka 2025 unaonesha kuwa matatizo ya presha katika ujauzito husababisha takribani asilimia 16 ya vifo vyote vya uzazi duniani. Miongoni mwa sababu za moja kwa moja, yanatanguliwa na kutokwa damu nyingi pekee, kunakochukua asilimia 27.

Tanzania imepiga hatua kubwa. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria vifo 104. Kushuka huko kunaonesha kuwa vifo vya uzazi vinazuilika. Ndiyo maana kila kifo kinachotanguliwa na siku tatu za maumivu ya kichwa kinapaswa kutuuma zaidi leo kuliko zamani.

Taarifa tano

Ya kwanza ni kichwa. Wajawazito wengi huumwa kichwa kwa njaa, kiu, malaria au kukosa usingizi. Kichwa kinachotia shaka ni kile kinachozidi kukaza, kisichotulia kwa dawa za maumivu wala kwa kulala.

Ya pili ni macho: ukungu, vimulimuli, kuona vitu viwiliviwili, au giza la muda mfupi.

Ya tatu ni maumivu ya juu ya tumbo, kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Wengi huyachukulia kuwa kiungulia au vidonda vya tumbo, wakanywa maziwa na kusubiri.

Ya nne ni kichefuchefu na kutapika kunakorudi katika miezi ya mwisho, wakati kule kwa miezi ya mwanzo kulishakwisha.

Ya tano ni uvimbe wa ghafla usoni na mikononi, huku uzito ukipanda kwa kasi ndani ya siku chache. Miguu kuvimba jioni baada ya kutwa nzima ya kusimama huwapata wajawazito wengi wenye afya njema. Uso uliovimba wakati wa kuamka unahitaji kuangaliwa.

Kuna nyingine za kuongezea: kupumua kwa shida, mkojo kupungua, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Yoyote kati ya hizi, kuanzia nusu ya pili ya ujauzito mpaka wiki sita baada ya kujifungua, inatosha kumpeleka mama akapimwe siku hiyohiyo.

> Uso uliovimba wakati wa kuamka unahitaji kuangaliwa siku hiyohiyo.

Uingereza iliwahi kuhesabu. Mwaka 1992 watafiti walifuatilia kila mwanamke aliyepata kifafa cha mimba nchini humo, wakathibitisha wagonjwa 383. Asilimia 59 walikuwa wametanguliwa na maumivu ya kichwa, matatizo ya macho au maumivu ya chembe cha moyo.

Jambo jingine katika hesabu hiyo linagusa zaidi. Wagonjwa wengi walikuwa wakihudhuria kliniki, na asilimia 85 walipata degedege ndani ya wiki moja tangu walipoonana na daktari au mkunga. Ugonjwa huu unaweza kukua katika siku zile chache kati ya kliniki na kliniki, mama akiwa nyumbani kwake.

Chanzo ni kondo la nyuma

Katika nusu ya kwanza ya ujauzito, mishipa midogo ya damu katika mji wa mimba hupaswa kutanuka ili ilishe kondo la nyuma. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki vya kutosha. Kondo linalokosa damu humwaga ndani ya damu ya mama protini zinazodhuru kuta za mishipa yake mwili mzima.

Kutokea hapo kila dalili ina maelezo yake. Mishipa ya figo ikidhurika, protini huvuja kwenye mkojo. Mishipa mingine ikivujisha maji, uso na mikono huvimba. Ini likivimba, utando wake wa nje huvutika, na mama husikia maumivu chini ya mbavu za kulia.

Ubongo nao ukianza kujaa maji, kichwa huuma. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayosimamia kuona, ikiguswa, macho huona ukungu na vimulimuli. Degedege huja mwishoni mwa mlolongo huo.

Maelezo haya yana uzito wa pekee katika jamii zetu, kwa sababu bado zipo familia zinazoona degedege la mjamzito kama kazi ya majini au mkono wa mtu. Wanaofikiri hivyo hawana nia mbaya. Wanatafuta msaada kwa haraka kama mtu yeyote aliyeshuhudia mwanawe akikakamaa. Lakini mgonjwa akipelekwa kwanza kwa mganga, saa zinazopotea ni zilezile ambazo sindano ya kuzuia degedege ingefanya kazi. Familia inayotaka dua isome dua ndani ya gari, gari likielekea hospitalini.

Kliniki ilivyoundwa

Mwaka 1843, daktari John Lever wa hospitali ya Guy's mjini London alichemsha mkojo wa wanawake wenye kifafa cha mimba, akakuta ndani yake protini. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia akaeleza kifaa cha kupima presha kwa mkanda unaofungwa mkononi. Vipimo hivyo viwili, vya mkojo na presha, vikawapa wakunga uwezo wa kuona ugonjwa kabla mama hajausikia.

Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kliniki za wajawazito: mahudhurio machache mwanzoni, kisha kila wiki mbili, na katika mwezi wa mwisho kila wiki. Mpangilio huo wa kuongeza mahudhurio kadiri siku zinavyosogea unafuata tabia ya ugonjwa wenyewe, ambao huzidi kujitokeza miezi ya mwisho.

Baadaye nchi nyingi maskini zilishauriwa kuwa mahudhurio manne yanatosha. Mwaka 2016 WHO ilibadili msimamo, ikapendekeza manane: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Matano kati ya hayo yako kuanzia wiki ya 30 na kuendelea.

Sisi bado tunapanda kilima hicho. Mwaka 2015/16, asilimia 51 ya wajawazito Tanzania walihudhuria angalau mara nne. Mwaka 2022 wakafika asilimia 65. Maana yake mjamzito mmoja katika kila watatu hafikii hata nusu ya mahudhurio yanayopendekezwa sasa.

Na kuhudhuria peke yake hakutoshi. Mama anaweza kupanga foleni tangu saa moja asubuhi, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akasikiliza somo la lishe, akarudi nyumbani bila kupimwa presha kwa sababu mashine imeisha betri, na bila kupimwa mkojo kwa sababu vijiti vya kupimia vimekwisha tangu mwezi uliopita. Kadi yake itaonesha amehudhuria. Nafasi ya presha itakuwa tupu.

Mama ajue, au mhudumu apime?

Hapa ndipo wataalamu wanapovutana.

Upande mmoja unasema elimu ndiyo njia. Mama, mume na mama mkwe wakizijua dalili za hatari, hawatakaa nyumbani siku tatu. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2012, ilitumia redio, mabango na ujumbe mfupi wa simu kuwafikia wajawazito na wenzi wao. Hoja yao ina nguvu: hakuna mashine inayokaa na mama usiku wa Jumatano.

Upande wa pili unajibu kuwa dalili zinaweza kuchelewa, au zisije kabisa. Presha ikipanda, mwenye nayo anaweza asisikie chochote. Takwimu ya Uingereza inathibitisha hilo vilevile: kama asilimia 59 walitanguliwa na dalili, asilimia 41 hawakuwa na dalili hizo tatu za kueleza. Kwa hao, taarifa pekee ambayo mwili ungetoa ni namba kwenye mashine na rangi kwenye kijiti cha mkojo.

Namba zenyewe si ngumu. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi katika ujauzito inahitaji kufuatiliwa na kupimwa mkojo. Ikifika 160 kwa 110, ni dharura, hata kama mama anacheka na wenzake kwenye benchi.

Upande wa tatu unatahadharisha dhidi ya kutegemea suluhisho moja. Msumbiji, India na Pakistan, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipewa mashine za presha na programu ya simu, wakafundishwa kuanza tiba na kutoa rufaa. Matokeo ya pamoja, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonesha kwa ujumla kuwa vifo na madhara yalipungua. Dalili za manufaa zilionekana pale tu mama alipotembelewa mara nane au zaidi.

Utafiti mwingine ulisambaza kifaa cha presha chenye taa za kijani, njano na nyekundu katika maeneo kumi ya nchi zenye kipato kidogo, Kampala likiwa mojawapo. Ripoti yake ya mwaka 2019 haikuweza kuhitimisha kwa uhakika kuwa kifaa peke yake kiliokoa maisha.

Wapo wanaosoma matokeo hayo wakakata tamaa. Mimi nasoma jambo lingine. Mashine ikimtambua mgonjwa na gari la rufaa halipo, namba nyekundu inabaki kuwa rangi. Mama akiijua dalili na zahanati imefungwa, elimu yake inamwongezea hofu tu. Taarifa ya mwili huokoa maisha pale inapopokelewa, ikapimwa, ikatibiwa na ikasafirishwa. Kiungo kimoja kikikatika, vilivyobaki havifidii.

> Mwanamke mwenye presha ya 160 kwa 110 ni wa dharura, hata kama anacheka na wenzake kwenye benchi.

Kinga kabla ya dalili

Upo mjadala mwingine: je, ugonjwa unaweza kuzuiwa kabla haujatoa dalili?

WHO inapendekeza dozi ndogo ya aspirini kwa wanawake walio katika hatari zaidi: waliowahi kupata tatizo hili, wenye presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo, au mimba ya pacha. Dawa huanza kabla ya wiki ya 20. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa miligramu 150 kila usiku, kwa wanawake waliobainika kuwa katika hatari, zilipunguza priklampsia inayolazimisha kujifungua kabla ya wakati kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Karibu na nyumbani, utafiti mkubwa wa mwaka 2020 uliwahusisha takribani wanawake 12,000 wenye ujauzito wa kwanza katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Waliotumia miligramu 81 za aspirini kila siku walipungukiwa na uzazi wa kabla ya wakati kwa asilimia 11.

Ndipo swali likazuka: apewe kila mwenye mimba ya kwanza, au wale tu wenye hatari inayojulikana? Wanaotaka iwe ya wote wanasema ni ya bei nafuu na kuchambua hatari kliniki huchukua muda. Wanaopinga wanakumbusha kuwa aspirini ni dawa yenye madhara yake kwa wengine, na mfumo usioweza kupima presha utawezaje kusimamia dawa kwa maelfu.

Kuhusu madini ya kalsiamu, Dar es Salaam imechangia jibu ambalo dunia imelisikia. Majaribio mawili, moja Tanzania na jingine India, yalihusisha wanawake 11,000 kila nchi wenye ujauzito wa kwanza, na matokeo yakachapishwa Januari 2024. Miligramu 500 kwa siku zilifanya kazi sawa na miligramu 1,500 katika kuzuia priklampsia. Kidonge kimoja badala ya vitatu ni nafuu kwa mama anayemeza na kwa serikali inayonunua.

Yote haya ni ya kuanza na mhudumu wa afya. Asiwepo mjamzito anayejinunulia aspirini mtaani kwa sababu ya kusoma makala hii. Na yote yanadai jambo moja: kuanza kliniki mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kabla ya muda wa kinga kupita.

Dukani ndiko wanakoanzia

Kituo cha kwanza cha mjamzito anayeumwa kichwa mara nyingi ni duka la dawa. Lipo karibu, halina foleni, na mwenye duka anafahamiana na wateja wake.

Tanzania ilikwishaona nguvu ya maduka haya. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, kwa kuwafundisha wauzaji na kuwapa vibali, ukasambaa nchi nzima. Msingi upo. Kinachohitajika ni kuongeza kanuni moja katika mafunzo yao: mjamzito wa zaidi ya miezi mitano, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, akija na maumivu ya kichwa, apimwe presha kabla ya kuuziwa kidonge. Duka lisilo na mashine limpeleke lenye mashine.

Wapo watakaosema kanuni hiyo itajaza zahanati watu wenye vichwa vya kawaida. Ni kweli wengi wao watakutwa salama. Lakini kupima presha huchukua dakika chache: mama aketi na kupumzika kidogo, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo. Gharama ya kumpima mwenye kichwa cha kawaida ni dakika hizo. Gharama ya kutompima mwenye priklampsia inaweza kuwa makaburi mawili.

Sindano na gari

Mama akikutwa na presha ya hatari au akiwa amekwishapata degedege, tiba inajulikana. Ni magneziamu salfeti. Mwaka 1995 utafiti wa kimataifa ulionesha kuwa inazuia degedege kurudi vizuri zaidi kuliko dayazepamu na fenitoini zilizokuwa zikitumika. Mwaka 2002 utafiti mwingine, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa ikitolewa kwa wenye priklampsia hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa asilimia 58.

Dozi ya kwanza inaweza kutolewa zahanati kabla ya safari. WHO inapendekeza hivyo: pale ambapo tiba kamili haiwezekani, mama apewe dozi ya kuanzia na apelekwe mara moja hospitali kubwa. Wapo wahudumu wanaoiogopa sindano hii kwa sababu ikizidi inaweza kudhoofisha upumuaji. Dawa ya kuizimua, kalsiamu glukoneti, ipo, na dalili za kuzidiwa zinafundishika: hesabu pumzi, gusa goti uone kama mguu unaruka, angalia kiasi cha mkojo.

Muhimbili iliwahi kukagua huduma zake za kifafa cha mimba kwa vigezo vilivyowekwa wazi, kisha ikarekebisha mapungufu na kukagua tena. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2012 ilionesha huduma kwa wagonjwa hao ziliboreka. Ukaguzi wa aina hiyo unahitaji daftari, muda na uongozi unaokubali kusikia kilichokwenda vibaya.

Kwa upande wa usafiri, Tanzania ina m-mama, mfumo wa dharura unaopokea simu kwa namba 115 bila malipo na kumtafutia mama au mtoto mchanga gari la kumfikisha kituo kinachofaa. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa rasmi kwa ajili ya nchi nzima. Namba hiyo ingepaswa kuandikwa kwenye kila kadi ya kliniki na kila ukuta wa nyumba yenye mjamzito.

Hata kwa mabingwa wa Olimpiki

Anayedhani hili ni tatizo la vijijini kwetu tu atazame timu ya wanawake ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya mbio za mita 100 kupokezana vijiti Rio de Janeiro mwaka 2016.

Allyson Felix, mmoja wao, alikwenda kliniki ya kawaida mwaka 2018 akiwa na wiki 32. Aliona miguu imevimba na kudhani ni ujauzito tu. Alikutwa na priklampsia kali, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na binti yake akakaa wiki kadhaa katika wodi ya watoto njiti. Mwaka 2019 alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani kuhusu hatari inayowakabili wajawazito weusi nchini humo.

Mwenzake, Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alikutwa amekufa nyumbani kwake Florida mwanzoni mwa Mei 2023, akiwa na ujauzito wa miezi minane na miaka 32 ya umri. Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa yalichangia kifo chake.

Afya njema, misuli na umaarufu havimkingi mtu. Nchi tajiri nayo haimkingi, kama hakuna anayemsikiliza.

Kusubiri au kuzalisha

Ugonjwa huanza kuondoka kondo la nyuma linapotoka. Dawa hushusha presha na kuzuia degedege, lakini haziondoi chanzo. Kwa hiyo mimba ikifika wiki 37, uamuzi huwa rahisi: mama azalishwe.

Ugumu uko kabla ya hapo. Katika wiki ya 28 au 30, kila siku tumboni ina thamani kwa mapafu ya mtoto, na kila siku hiyohiyo inaweza kumgharimu mama figo, ini au maisha. Hospitali yenye wodi ya watoto njiti, sindano za kukomaza mapafu na vipimo vya damu inaweza kusubiri kwa uangalifu. Hospitali isiyo navyo huwa na nafasi finyu.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari anapata siku za kupanga na familia inapata muda wa kuelewa. Ukigunduliwa kwa degedege, uamuzi wote hufanywa katika saa moja.

Arobaini ina hatari zake

Kosa moja huwagharimu wengi: kudhani mtoto akishazaliwa salama, hatari imekwisha. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kujifungua, hasa katika saa 48 za mwanzo, na hatari huendelea kwa wiki kadhaa. Katika wagonjwa wale 383 wa Uingereza, asilimia 44 walipata degedege baada ya kujifungua.

Mila zetu zinampa mzazi siku 40 za kupumzika na kuhudumiwa. Ni hazina kubwa, kwa sababu katika siku hizo daima yupo mtu karibu naye: mama, shangazi, wifi, somo. Wanaomkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga ndio wa kwanza kumsikia akilalamika kichwa. Wakifundishwa kwamba kichwa hicho kinaweza kuwa presha, watamtoa nje hata kama arobaini haijatimia.

Na mama aliyepona asisahauliwe. Wanawake waliopata priklampsia wana hatari takribani mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi maishani, na presha ya kudumu huwapata zaidi. Wapimwe kila mwaka, na ujauzito ujao waanze kliniki mapema wakiwa na historia yao mkononi.

Kila mmoja na sehemu yake

Wizara na halmashauri zihesabu vijiti vya mkojo na betri za mashine kwa ukali uleule wanaohesabia dawa. Zahanati isiyo na magneziamu salfeti iripotiwe kama zahanati isiyo na maji. Mafunzo ya wauzaji wa dawa yapewe kanuni ya presha kwanza, kidonge baadaye. Viongozi wa dini na waganga wa jadi waombwe kuwa wa kwanza kupiga 115.

Mume asibaki nje ya geti la kliniki. Aingie, aangalie kadi, aulize maswali mawili kabla ya kuondoka: presha yake leo imesoma ngapi, na mkojo umepimwa? Kama jibu halipo, aulize tena kwa heshima, na asiondoke mpaka vipimo viandikwe. Maswali hayo hayana gharama yoyote, na kwa familia nyingi ndiyo yatakayoamua kama mama na mtoto watarudi wote nyumbani.